Salamu Aliyoimbiwa Odette

Nyumba yetu ya Zinga ilinuka mawese. Majirani walipika maharage kwa nazi, na harufu ya nazi ilikuwa ya kila mtu. Mawese yalikuwa yetu peke yetu. Bibi, mzaa mama, aliyaagiza kutoka Kigoma, akalificha dumu chini ya kitanda chake. Aliingia nchi hii kwa miguu kutoka Burundi, mama yangu akiwa mgongoni, akalima mihogo katika mashamba ya watu mpaka mama akawa mwalimu. Kisha akaanza upya, akanilea mimi wakati mama yuko darasani. Nilikuwa mjukuu pekee pale nyumbani, na nilimwona Bibi kuwa mali yangu, kama viatu vyangu vya shule.

Nilipokuwa na miaka kumi, mjomba alimleta binti yake, Odette, kutoka Kigoma aje kusoma kwetu. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Bibi alipomwona anaingia uani aliweka ungo chini, akamkumbatia, akaanza kuimba. Aliimba kwa Kirundi, haraka haraka, mdomo karibu na sikio la mtoto, akiuliza habari za njia, za waliobaki na za waliokufa. Odette alifumba macho akawa anaitikia kwa sauti fupi fupi, kila moja mahali pake. Mama alinieleza kwamba ndivyo wanawake wa kwao wanavyosalimiana wakiwa hawajaonana siku nyingi. Mimi kila asubuhi nilipewa "marahaba" moja tu.

Nikapiga hesabu zangu. Kama dawa ni kutoonekana siku nyingi, basi nami nitapotea. Likizo ilipofika nililia mpaka nikapelekwa kwa shangazi Lugoba. Nilikaa majuma mawili, kila siku nikijiuliza kama Bibi ameshanikumbuka vya kutosha. Niliporudi nilisimama katikati ya uwanja, mikono nimeitanua.

"Mbona umesimama kama mnara wa simu?" Bibi akauliza.

"Niimbie na mimi."

"Nikikuimbia utaniitikia nini, mjukuu wangu? Marahaba?"

Odette alicheka mpaka akakaa chini. Bibi naye alicheka, kisha akanishika mkono. "Njoo basi nikufundishe."

"Mama, tafadhali," mama yangu akasema kutoka jikoni. "Huyu mwache na Kiswahili chake. Mimi waliniita mkimbizi mpaka darasa la saba."

Bibi akaniachia mkono. Katika maneno yote ya siku ile mimi niliokota moja tu, nikaenda nalo shuleni Jumatatu. Nilimnong'oneza msichana mmoja: "Odette ni mkimbizi, lakini usimwambie mtu." Kufikia saa ya uji darasa zima lilikuwa linajua.

Odette hakunishtaki. Mwezi uliofuata Bibi alikwenda msibani Kigoma, na aliporudi alitukuta barabarani tunacheza na watoto wa jirani. Alimvuta Odette kifuani akaanza wimbo. Odette akarudi nyuma hatua moja, akatazama wenzetu, akasema, "Shikamoo, Bibi." Mikono ya Bibi ilibaki hewani kidogo. "Marahaba," akajibu, akaingia ndani. Hakumwimbia mtu tena mbele yangu. Nami, sina budi kusema, nilifurahi. Jioni ile nilikula sahani mbili.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Sasa nina shahada, sina kazi, na nina muda mwingi mno wa kufikiri. Odette anauza vitenge Msata na ana binti wa miaka minne. Mwaka jana nilimwambia kwamba aliyepeleka lile neno shuleni ni mimi. "Nilijua, dada. Nani mwingine?" akasema, akaendelea kupima kitambaa. Nikamuuliza kama humwimbia mtoto ile salamu. Akasema ameisahau.

Zamani nilitaka tuwe sawa, na kwa maneno yake tumekuwa sawa. Lakini simwamini. Mtu haisahau salamu kama ile. Nadhani anaificha nisiisikie, na nadhani ana haki. Kila nikitoka kwake hujifanya nafunga kamba za viatu nje ya mlango, nikasikiliza.