Moto Mkubwa wa Dada Yangu

Jina la dada yangu sitaliandika, maana kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Alikuwa bingwa wa kuchimbua kenge jangwani, mpaka figo zilipokufa akahamishiwa mji wa mbali, Alice Springs, kwenye mashine ya kusafisha damu. Huko taa zimefuta nyota zote.

Kwetu, usiku wa miezi ya joto, angani kuna madoa mawili meupe kama moshi. Tangu utotoni tulisema ni mioto yetu. Doa kubwa lilikuwa lake, dogo langu.

Desemba ile aliikimbia mashine, akaja na lori la posta. Nikamfokea, "Utakufa, mpumbavu we!"

"Na wewe kelele utaacha lini? Nitandikie nje."

Ningeweza kumrudisha kwa lori lile lile. Nikatandika. Tulilala chali, tukihesabu vimondo na kucheka kama wasichana.

"Moto wako bado mdogo, mdogo wangu," akanitania. "Hujui kuchochea."

Siku ya nne akafariki. Wauguzi wananilaumu, waache walaumu. Nyumba tumeihama, kama ilivyo desturi ya kukwepa kila kilicho cha aliyekufa. Mimi nalala nje, na joto lote hili najifunika shuka usoni, maana kule juu moto wake bado unawaka.