Kwa Nini Aliitwa Rispa

Hospitali nzima walimwita Baridi, ila hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa anasikia. Alikuwa mhudumu wa mochari. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti, kuwavalisha na kuwakabidhi kwa ndugu zao, na alipoingia kantini watu walikumbuka ghafla kwamba wameshiba. Watu kama yeye hatuwajui mpaka siku tunapowahitaji, na siku hiyo hatuna hali ya kuwauliza habari zao.

Alikuwa na desturi yake. Kila maiti aliyeletwa bila ndugu alimsalimia, akamwambia kwamba amefika hospitalini, kwamba wenyewe wanatafutwa, na kwamba mpaka waje yeye yupo. Kisha alivuta kiti akaketi karibu naye kidogo, hata kama zamu yake imekwisha. Wauguzi wapya walidhani akili zimemruka. Wa zamani walimwacha, maana hakuna aliyetaka kumpokea kazi ile.

Jambo moja tu lilimuuma. Binti yake wa pekee, Rispa, aliwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anagawa dawa. Baba aliujua uongo huo, akaumeza.

Jumamosi moja binti alirudi kutoka darasa la kipaimara uso umemvimba kwa hasira. Alimkuta baba akipiga pasi koti lake jeupe la kazi.

"Baba, kwani majina yalikuwa yameisha?"

"Yameisha vipi tena, mama?"

"Mwalimu kasema kila mtu asome habari za jina lake kwenye Biblia mbele ya wenzake. Mwenzangu Esta, malkia. Mimi nasoma, najikuta suria wa mfalme, na wanangu wamenyongwa! Wamecheka, mpaka mwalimu naye kacheka. Kasema askofu akija kesho naweza kuchukua jina lingine. Nachukua Ruthu."

Baba alihisi moyo ukimshuka. Jina lile lilichaguliwa na mama yake mzazi, na mama huyo hakuwa tena duniani kujitetea. Mtoto akilitupa, aliona, atakuwa ameitupa familia nzima pamoja na koti lile jeupe. Akachomoa pasi.

"Mliishia wapi kusoma?"

"Waliponyongwa."

"Basi mmeacha habari yenyewe. Kaa chini."

Binti akakaa ukingoni mwa kiti, bado amenuna.

"Waliachwa nje, hawakuzikwa. Mama wa watu akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama. Mumewe mfalme keshakufa, hana wa kumsemea. Alikaa mpaka mvua zikanyesha, mpaka habari zikamfikia mfalme mpya, naye akaagiza mifupa ikusanywe ikazikwe."

"Sasa mimi inanihusu nini?"

"Babu yako alifia njiani. Walikuwa wanakimbia vita, mimi niko mgongoni kwa bibi yako. Wenzao wakamwambia twende, huyo ndiyo basi tena. Akagoma. Akakaa naye, anapunga inzi kwa mtandio, anatupia mbwa mawe, mpaka wakapita watu wenye majembe wakamsaidia kuzika. Wakwe zake walimsema miaka na miaka, eti angemuua mtoto kwa ajili ya maiti. Mwenyewe aliamini ametenda dhambi."

"Masikini bibi."

"Hata siku moja kanisani, mchungaji akasoma habari za Rispa. Bibi yako hakujua kusoma, alikuwa hajawahi kuzisikia. Akasimama katikati ya mahubiri, akapaza sauti: 'Kumbe Mungu aliona!' Wazee wa kanisa wakamvuta nguo akae. Hakukaa ng'o. Siku hiyo ndiyo niliyoamini na mimi, mwanangu. Hatumwachi mtu peke yake mpaka wenyewe waje. Kazi ile niliiomba mwenyewe, sikusukumiwa."

Rispa alikuwa amejiandaa kukaripiwa, na kwa karipio alikuwa na majibu. Sasa alikaa akilitazama koti la baba yake pale mezani, nusu limenyooka, nusu limekunjamana.

"Na wewe ukifa, baba?"

"Nikifa nini?"

"Unakaa na watu wote. Wewe atakaa nawe nani?"

Miaka yote ile mhudumu alikuwa hajawahi kujiuliza. "Si atakuwepo mtu wa zamu," akajibu.

"Mtu wa zamu hakujui." Machozi yalikuwa yanamtoka binti bila sauti. "Nitakaa mimi. Na mtu akiniuliza mimi ni nani wako, nitamwambia."

Baba akalia mbele ya mwanawe, wala hakugeuza uso.