Maji Kwanza, Chumba Baadaye

Ndugu yangu mdogo anafunga mitambo ya joto huko Ulaya, na mama alipoanza kuugua kifua hakutuma blanketi kama watoto wa watu wengine. Alituma mashine. Ilifika kwetu Nunguni, milimani kwenye baridi, juu ya pikapu, kubwa kama kabati la vyombo, na yeye mwenyewe akaja likizo ya wiki mbili kuifunga. Majirani walijaa uani kutazama. Akawaeleza kwamba ni kama friji iliyogeuzwa: inachukua joto dogo lililo kwenye hewa ya nje, inalikusanya, halafu inaliingiza ndani ya nyumba.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo inaiba joto la nje," alisema. "Sasa hapa kwetu Julai itaiba nini?"

Ndugu yangu akasema hata hewa ya baridi ina joto ndani yake. Mama alimwangalia vile alivyokuwa akimwangalia zamani akileta ripoti ya shule.

Kazi za mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupasha maji ya kuoga kwenye tangi la lita mia mbili. Ya pili ni kupasha chumba cha mama, kwa maji moto yanayozunguka ndani ya bamba la chuma lililotundikwa ukutani. Lakini haziwezi kwenda pamoja. Kuna valvu inayogeuka huku au kule. Maji ya tangi yakipoa, mashine inaacha chumba na kwenda kwenye tangi, na haitoki huko mpaka yapate moto. Imetoka kiwandani hivyo. Ndugu yangu alisema kuna sababu: chumba kikishapata joto hukaa nalo saa nzima au zaidi bila kupashwa, lakini mtu akikutana na maji baridi bafuni analalamika hapo hapo. Huko kwao, alisema, watu wawili wanaoga dakika tano asubuhi, basi.

Sikuuliza zaidi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba baridi ndiyo itakayommaliza mama kabla ya ugonjwa wenyewe, na mimi ndiye niliyebaki nyumbani kusikiliza kifua chake kikipiga filimbi. Kitu chochote cha kuleta joto ningekipokea kwa mikono miwili.

Ndugu yangu akarudi kazini. Ukungu ukashuka, na wageni wakaanza kuja kumwona mgonjwa.

Kwetu mgeni aliyetoka mbali haketi na vumbi lake. Anapewa maji ya kuoga, ya moto, kabla ya chai, na mama alilishika jambo hilo kuliko amri kumi. Waliotoka Makindu, ambako baridi huisikia kwenye redio, walifika meno yakigongana. Walipoambiwa kuna maji moto yanayotoka kwenye bomba bila kuni, walioga kama waliolipiwa. Akina mama wa kanisa walitoka Tawa watu kumi na mmoja. Wote walioga. Mmoja alioga mara mbili, ya pili ikiwa ya kusafiria. Halafu waliingia kwa mama wakinukia sabuni, wakafunga macho, wakamwombea nafuu katika chumba cha digrii kumi na nne.

Bamba la ukutani lilikuwa baridi kabisa. Kila tangi lilipokaribia kupata moto, mwingine alikuwa anavua viatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwa na tangi.

Mama alikaa ndani ya sweta mbili, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na alipopata pumzi aliuliza, "Mgeni amepata maji?"

Hapo nikakasirika kweli. Nilimpigia ndugu yangu simu, akanielekeza vitufe vya kubonyeza. Nikageuza: chumba kwanza, maji baadaye. Sikumwambia mtu.

Siku hiyo hiyo mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alifika kutoka Makindu na mfuko wa machungwa. Aliingia bafuni baada ya wengine wawili. Alipokuwa na povu kichwani, maji ya moto yakaisha. Mashine iliona tangi limepoa, ikaliacha hivyo, kama nilivyoiagiza. Mama mdogo alitoka na sabuni masikioni na hakusema neno, na huyu ni mtu wa kusema. Chai hakuigusa. Asubuhi aliondoka na gari la kwanza.

Kumpa mgeni maji baridi ni kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Kufika Jumapili, Makindu na Tawa walikuwa wanajua kwamba kwa dada yao wageni hawatakiwi.

Chumba kilifika digrii ishirini na mbili. Ile filimbi ikanyamaza. Mama akavua sweta moja, kesho yake akavua ya pili, na mimi nikajipongeza. Siku ya kwanza bila mgeni niliona ni mapumziko. Siku ya nne mama hakunywa uji. Alikuwa amegeuza kiti chake kikaelekea mlangoni.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

"Hakuna, mwaitu, mama yangu."

"Basi mbona watu hawaji? Ama wameambiwa ni mimi?"

Ikabidi nimwambie yote, valvu, vitufe na povu la dada yake.

"Geuza," alisema mama.

"Daktari alisema baridi—"

"Daktari hajakaa hapa siku nne akiangalia mlango."

"Utakohoa tena."

"Nitakohoa na watu."

Nikamwambia naogopa kumzika. Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo mbele ya mtu, na lilitoka kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenikosea. Mama hakukasirika. Alinivuta mkono nikae kando yake.

"Najua unaogopa," alisema. "Lakini sasa umenizika mapema."

Nikaenda nikageuza. Halafu nikampigia mama mdogo, nikamwomba msamaha, nikamwambia aje kuoga. Aliuliza maji yakoje. Nikasema digrii hamsini. Akasema atakuja kesho, na wenzake wawili.

"Watatu ni wachache," alisema mama. "Piga Tawa."

Nikapiga, mkono mwingine ukiwa mgongoni mwake, nahesabu pumzi zake.