Kutoka Lango la Bahari Hadi Mlango wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa kipande cha sabuni. Shefu wa Biro, mkuu wa ofisi ya wachoraji ramani katika kampuni moja ya migodi hapa Likasi, alinionyesha bomba la nje na kuniagiza ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, nijikaushe, kisha nirudi nimwonyeshe. Nilirudi. Akanitazama viganja, akanirudisha bombani.

"Jasho yako inaua kalka," alisema. "Wino haishikake pale jasho imepita. Kila asubuhi unanawa, na kisha kula unanawa tena. Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

Kalka ni ile karatasi inayopitisha mwanga. Ninyi vijana mnaochora kwa kompyuta huenda hamjawahi kuishika. Ilikuwa ghali na ikija kwa shida, kwa hiyo tulichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida, tukailaza kalka juu yake, ndipo tukapitisha wino. Ukikosea, ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, bila kutoboa. Miezi mitatu ya kwanza nilichora mistari mitupu. Nilikuwa msichana pekee katika chumba kile, na wanaume walinibatiza Mama Kalka kabla hata sijawa mama wa mtu. Jina hilo ndilo naitwa sokoni mpaka leo.

Baada ya miaka michache nilipelekwa ziwa Tshangalele, kumfuata Mhandisi wa Upimaji aliyekuwa akitengeneza ramani ya kingo zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kofia hakuivua hata akila. Yeye alipima kwa teodoliti, chombo cha kupimia pembe kinachosimama juu ya miguu mitatu, nami nilichora kwenye meza chini ya turubai. Mahali ambapo matete yalizuia chombo kuona, alinituma kwa wakaaji.

"Uliza wale bamama wanauzishaka samaki," aliniambia. "Waambie watembee kwa kichwa, weye uandike. Usiwasaidie neno. Ukiwasaidia, watachora ziwa yako, si yao."

Hivyo nilijifunza kuchora mahali nisipopaona, kwa mdomo wa aliyepaona. Ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Wengi huanza na mambo wanayoyapenda na kuruka yale ya katikati.

Kituo changu cha tatu, nilichokaa muda mrefu kuliko vyote, kilikuwa ofisi ya viwanja ya mji. Hapo tulichora mipaka ya nyumba za watu, na kila siku kulikuwa na majirani waliogombania mita moja. Ndipo alipokuja Bwana Mushoni.

Kila mtu wa umri wangu Likasi alimjua. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na mama yangu alinunua kwake vitenge vya arusi yake. Alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rodi, katika bahari ya Mediterania, jirani na pwani ya Uturuki. Katanga ilipokea watu wengi wa kisiwa kile kabla ya vita vikuu vya pili, na yeye alifika akiwa na miaka kumi na saba, amemshika mkono mdogo wake Rashel, mwenye miaka sita, kuja kwa mjomba wao. Siku ile ofisini ni Rashel aliyemshika yeye mkono. Alikuwa mzee wa sabini, na macho yalikuwa yamezimika kabisa.

"Mama Kalka," alisema, "minye nataka plan ya mji yetu ya Rodi. Rashel anaenda kule. Anataka kuona nyumba ya mama. Minye siwezi, moyo yangu ni mugonjwa, na macho munaona benyewe."

Nilimwambia kwamba bila shaka ramani za mji ule zinauzwa kule kule.

Rashel akajibu kwa niaba yake. "Zinauzwa. Lakini majina ya njia yalibadilika, na yeye jina ya njia yetu hakujuaka, alijuaka kutembea tu. Na kule wa kuuliza hakuna. Wakati wa vita Wajerumani walichukua bantu wa mtaa yetu wote, wakawapandisha meli. Mama pia. Kwa nyumba yetu siye wawili ndio tulibakia, na minye sikumbuke hata sura yake."

Nikachukua penseli.

Nilifanya kazi ile dukani kwake, saa za jioni baada ya ofisi, kwa majuma sita. Kwanza nilimwacha aseme mji mzima. Alisema uko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, umezungukwa na kuta nene ambazo juu yake watu wanaweza kutembea wakipishana, na nje ya kuta kuna handaki pana, kavu, ambamo mbuzi hula majani. Kuta zilijengwa na askari watawa wa Kikristo waliotoka nchi nyingi za Ulaya, na kila taifa lilipewa sehemu yake ya ukuta kuilinda. Waturuki walikuja wakauzingira mji, wakashindwa, wakarudi miaka mingi baadaye wakaushinda, wakakaa karne nyingi. Baadaye wakaja Waitaliano. Mtaa wa Wayahudi ulikuwa upande wa mashariki, chini, karibu na bandari, na humo watu walisema Kihispania cha zamani, maana mababu walifukuzwa Uhispania.

"Sasa tembea," nilimwambia. "Anzia kwenye lango la bahari."

Hapo alikwama. Aliruka kutoka langoni hadi jikoni kwa mama yake, akiwa ameacha njia yote. Nikamuuliza njia ipi alipita mara nyingi kuliko zote akiwa mtoto. Akasema ni ya tanuri la mtaa: kila Ijumaa alipeleka huko sinia la mkate, akashuka hadi lango la bahari kununua samaki mkate ukiiva, kisha akalirudisha sinia nyumbani. Alihesabu hatua ili asiwaze uzito.

"Kutoka lango ya bahari mpaka tanuri, mia mbili na kumi. Kutoka tanuri mpaka kwetu, mia moja kamili."

Hatua ni kipimo kibovu, kwa sababu hatua ya nani? Nilikwenda nyumbani, nikampa binti yangu wa miaka kumi na miwili sinia lenye mawe, nikamtembeza uani. Hatua yake ilitoka nusu mita. Kwa hiyo nilikuwa na urefu. Lakini kona zake hazikuniridhisha, kwa sababu kila jioni aliziweka mahali tofauti, na yeye mwenyewe alianza kuogopa.

"Labda nasahau," alisema jioni moja. "Labda nampeleka Rashel kwa nyumba ya bantu bengine."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilichukua vigingi na kamba, nikaenda kwenye uwanja wa mpira wa shule iliyo jirani na duka. Nikaupanga mtaa ule juu ya nyasi kwa ukubwa wake halisi, kwa vipimo nilivyokuwa navyo. Kisha nikamleta Bwana Mushoni, nikamsimamisha kwenye lango la bahari, nikampa sinia mikononi. Rashel alitembea nyuma yake.

Alianza polepole. Kwenye kona ya kwanza alisimama.

"Hapana. Hapa njia inakuwa kidogo. Mabega yangu ilikuwa inagusa. Na juu kuna tao."

Alinieleza kwamba nyumba za kule zinashikana kwa matao yanayovuka juu ya njia, zisianguke nchi ikitetemeka. Nikang'oa vigingi, nikabana njia. Akaendelea. Alipofika penye tanuri akageuza uso, kana kwamba anakwepa moto, akakata kulia bila kuniuliza. Akahesabu kwa sauti kwa Kihispania chao. Kwenye hatua ya mia moja akageuka kushoto, akainama kidogo kwa sababu ya mlango mfupi, akanyoosha sinia mbele, na hakukuwa na mtu wa kulipokea. Rashel akalipokea. Walisimama hivyo muda mrefu, na mimi nikajishughulisha na kupima pembe, kwa kuwa sikujua niangalie wapi.

Nilichora ramani ile kwa eshele ya moja kwa mia mbili, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita mbili za ardhi. Rashel akaondoka nayo ikiwa imekunjwa ndani ya bomba la bati.

Alirudi baada ya mwezi na akaja kwangu ofisini, peke yake.

"Kila kona ilikuwa pale," alisema. "Tao iko. Tanuri imefungwa, lakini iko. Nilihesabu mia moja, nikageuka kushoto." Akaliweka lile bomba la bati juu ya meza yangu. "Hakuna nyumba, Mama Kalka. Bomu za vita ziliangusha upande ile yote. Ni kiwanja wazi, kuna motokari mbili na paka. Nilisimama mahali ya jiko. Nilijua ni jiko sababu weye uliandika."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia nyumba iko, bantu wanaikala ndani, iko na batoto. Akikuuliza, nakuomba."

Nilimsindikiza hadi mlangoni bila kumwahidi.

Haikupita juma, nilipita dukani kununua kitambaa. Bwana Mushoni alikuwa peke yake, akikunja vitenge kwa kupapasa. Alinijua kwa sauti.

"Rashel anasema aliingia kwa mulango ya kuume," alisema. "Weye na minye tulitia kushoto. Nani alikosa?"

Hapo niliona alichokuwa akitafuta. Rashel alibuni mlango na kusahau upande. Ningeweza kusema mimi ndiye niliyekosea. Ingekuwa rahisi, na pengine ingekuwa huruma. Lakini mzee yule alikuwa amebeba sinia lile uwanjani ili ramani iwe ya kweli.

"Hatukukosa, Bwana," nilisema. "Plan iko sawa mpaka mwisho. Ni nyumba haiko. Bomu ya vita iliiangusha."

Aliendelea kukunja kitambaa mpaka kikaisha. Akakilaza juu ya vingine, akalainisha ukingo kwa kiganja.

"Ndio vile nilifikiri," alisema. Kisha akasema, "Usimwambie kama najua. Alienda mbali sana kunitafutia ile nyumba. Muache anipe."

Nililipa, nikatoka. Alifariki miaka minne baadaye, na Rashel akahamia Ubelgiji kwa watoto wa mjomba.

Nilistaafu siku ambayo meza za kuchorea zilitolewa ofisini na kuwekwa barabarani, kompyuta zipate nafasi. Sikuona uchungu mkubwa. Mashimo mengi niliyoyachora siku za migodi yamejaa maji, na viwanja nilivyopima vimekatwa tena na tena. Ramani huzeeka kabla ya mchoraji. Binti yangu sasa ana wajukuu, nami nashinda kibarazani kwake, nikinawa mikono mara nyingi kuliko inavyohitajika. Wanaoniuliza nilipenda kazi gani zaidi hutarajia niwatajie mgodi fulani. Nawatajia njia moja ya mita mia na hamsini na tano, katika mji nisioujua.

Rashel alirudi Likasi mara moja tu, akiwa na zaidi ya miaka themanini, kuona kaburi la kaka yake. Alikuja kwangu na fimbo. Tulikunywa chai, na nikaona kwamba kama nisingemwambia siku ile, nisingemwambia tena. Nikamwambia kwamba kaka yake alijua, tangu juma lile la kwanza.

Aliweka kikombe chini.

"Alijua?"

"Alijua. Alinikataza kukwambia."

"Lakini kila Ijumaa alikuwa ananiuliza," alisema. "Kila Ijumaa, miaka mine. Barua ya wale bantu wa nyumba yetu imekuya? Batoto wako muzuri? Minye natunga. Nilimwambia mudogo wao anaitwa Kosta. Akaniuliza kama Kosta anaweza kuogelea. Siku ingine akasema Kosta iko na umri ya kuanza masomo, nimwandikie mama yake asimuchelewesheke. Nikamwandika shuleni. Alikuwa anauliza anapata pointi ngapi."

Nikadhani atalia, lakini alianza kucheka, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka akanishika mkono ili asiteleze kitini.

"Mama Kalka," alisema alipopata pumzi, "ule mutoto hakuwako. Na tulimukomaza siye wawili mpaka mwaka ya tatu ya primeri."