Mama na Kadi ya Kurushia Ndege

Mama yangu alipostaafu kufundisha hesabu, hakufuga kuku wala kufungua genge kama wenzake. Alianza kurusha ndege. Alinunua kompyuta ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi fulani, ile nyembamba ya kulaza chini ya skrini, akaiweka sebuleni kwake Buzuruga na kutafuta gemu la urubani. Ndege ya kweli alikuwa ameipanda safari moja tu, alipokwenda Dar kutibiwa macho, na tangu alipoliona ziwa kutoka juu hakuacha kulizungumzia.

Lakini kompyuta ile ilifaa kuandikia barua tu. Ndege ilipaa kwa kushtukashtuka, picha ikaganda, na ilipofunguka tena ndege ilikuwa imeshazama ziwani. Ilihitaji kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha kwenye skrini. Jumamosi moja akaniomba nimsindikize mjini.

"Nimeshaifungua nikapima," aliniambia njiani. "Kadi iwe ya kimo kifupi, la sivyo mfuniko haufungi. Na isile umeme mwingi. Pawa saplai yangu ni ndogo, haina hata waya wa ziada wa kuilisha."

Dukani, muuzaji alitoa kadi kubwa yenye feni mbili akanionyesha mimi.

"Hiyo hainifai," mama alisema. Akatoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba, akaipima kadi mbele ya wateja wote. Muuzaji alitabasamu. Mimi nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Zikabaki kadi mbili fupi, zote za kutumia umeme wa palepale zinapochomekwa. Moja haikuwa na feni kabisa, na bei yake ilikuwa nzuri. Nyingine ilikuwa na kifeni kidogo na nguvu zaidi. Mama aliinua hiyo ya pili, akauliza kwa sauti ya darasani: "Nikiwa na hii, nitatua Bukoba bila picha kuganda?"

Wakati huohuo aliingia meneja wangu wa benki ninakofanya kazi, anatafuta wino wa printa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mnanunua nini leo?" aliniuliza.

Nilihisi uso unapata moto. Nikaona Jumatatu ofisini, watu wanacheka kwamba mama yake fulani, mzee mzima, anacheza gemu.

"Kadi ya kompyuta," nikasema. "Ni ya mjukuu wake."

Mimi ni mtoto wa pekee. Sina mtoto. Mama alikuwa ameacha kuniuliza habari hizo, na nilijua kwamba kuacha kwenyewe kulimgharimu.

Meneja akamgeukia. "Hongera, mama! Ana umri gani?"

Mama aliishusha ile kadi taratibu juu ya meza.

"Bado mdogo," alijibu. "Lakini anapenda ndege."

Akailipia ile ile ya kifeni. Hakuuliza swali jingine lolote, yeye ambaye alikuwa na maswali ya kutosha mchana mzima.

Nyumbani tuliiondolea kadi kibati chake kirefu cha nyuma, tukafunga kile kifupi kilichokuja nayo ili iingie. Mama ndiye aliyekaza skrubu, mimi nikammulikia kwa tochi ya simu.

"Mama, pale dukani…"

"Shusha mwanga kidogo, sioni."

"Nilikuwa na maana kwamba…"

"Hapo hapo. Usitikisike."

Kadi ilikaa sawasawa, mfuniko ukafunga. Mama akavaa miwani, akawasha, akapaa. Safari hii ziwa lilipita chini yake bila kukatika, visiwa vikifuatana, na yeye akaegemea upande kila ndege ilipokata kona. Nilitaka kufurahi naye. Badala yake nilikaa kwenye kochi kama mgeni aliyechelewa kuaga.

Jumapili wanakwaya wenzake walikuja kuona. Walijazana sebuleni, wakashangilia matairi yalipogusa Bukoba, mmoja akaomba apelekwe Nansio kwao. Hakuna aliyemcheka.

"Kumbe kompyuta ndogo hivi inaweza!" alisema mmoja wao.

"Niliitafutia kadi inayoifaa," mama akajibu. Kisha akanishika bega mbele yao wote, kwa fahari ambayo haikuwa na hila yoyote. "Huyu binti yangu ndiye aliyekwenda na mimi dukani. Tumeichagua pamoja."

Wakanipigia makofi. Nikasema nakwenda kuangalia chai.