Kikaragosi Aliyepewa Sadaka

Enzi zetu Kariakoo bado ilikuwa na mchanga. Ninyi wa rika langu mtaniunga mkono, watoto wa siku hizi wataona natunga. Mchanga ulikuwa uani, ulikuwa vichochoroni, na uwanja mzima wa shule yetu kule karibu na Msimbazi ulikuwa mchanga mtupu, wa kuunguza nyayo mchana mpaka mtu anatembea kwa kurukaruka. Tulirudi nao nyumbani kwenye nywele na kwenye mifuko ya sketi. Mama alitukung'uta mlangoni huku akisema, "Mnataka kunijengea ghorofa humu ndani?"

Mchanga ule kazi yake kubwa ilikuwa rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi uliojazwa vitambaa, mmoja anaingia kati na chupa tupu. Kazi yake ni kujaza chupa mchanga huku akikwepa mpira. Ukimgusa, uwanja mzima unampigia kelele "Toka!" na anatoka, hakuna cha rufaa. Mimi nilikuwa na shabaha, sijisifu, waulizeni waliocheza nami. Kengele ya mapumziko ikilia tulirundika viatu mahali pamoja, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili mbiombio, midomo ikiwaka moto, tukaingia uwanjani.

Viatu vililindwa na Tatu. Tatu nilikaa naye dawati moja. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika kwa polio alipokuwa mdogo sana, akawa anatembelea gongo. Msidhani tulimchukia. Tulimpenda, na tulimwonea huruma kwa nguvu zetu zote. Tulimbebea begi, tulimtafutia kivuli, tulimnawisha mikono ilhali mikono yake ilikuwa mizima kuliko yetu. Kila siku aliuliza, "Leo niingie?" Na kila siku tulimjibu kwa upole, "Tatu, wewe pumzika." Wala hakuwa amechoka. Sheria za rede alizijua kutushinda sote, maana alikaa pale akizitazama, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kuingia kati.

Basi Ijumaa moja wakaja watu wa vikaragosi, wale wanasesere wa kuvaa mkononi. Walikuwa mwanamume na mwanamke, wakafunga kitenge kwenye miti miwili chini ya kibaraza, wakajificha nyuma yake. Walijificha kwa juu tu. Chini tuliona katambuga za yule bwana na kucha zake, na haikutupunguzia raha hata kidogo. Shule nzima tulikaa mchangani tumebanana, wadogo mbele, na kila aliyekohoa alifinywa.

Akachomoza kikaragosi mmoja wa kitambaa, macho yake vifungo vya koti, kwapani ana kijigongo cha mti. Akasema anaitwa Mashaka, mwanafunzi mgeni. Akamgeukia Mwalimu Kapinga, mwalimu wetu wa darasa, mama wa Kisongea ambaye akiita mahudhurio hata wapita njia waliitika. "Shikamoo, mwalimu," akasema Mashaka. Mwalimu Kapinga akajibu, "Marahaba, mwanangu," bila kufikiri, akashtuka, akafunika mdomo kwa kanga. Hapo tukawa tumekwisha. Kuna mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi.

Mashaka akanyoosha mkono wake mdogo kwetu sisi wa mbele ili tumsalimie. Sasa nisikilizeni. Ilikuwa Ijumaa, nasi ni watoto wa Kariakoo. Kila Ijumaa wazazi walitushika mkono tukapita mbele ya msikiti, pale walipokaa wenye magongo na wasioona, na mama alituachia neno lile lile: "Mkono ulionyooshwa usirudi mtupu." Tuliona gongo, tukaona mkono. Sudi, mtoto mchoyo kupita wote shuleni, aliyekuwa akila ubuyu ameinamia ukutani ili pacha wake asimwone, akasimama kwa adabu, akamtilia Mashaka kipande cha kashata kiganjani.

Kuona Sudi katoa, nani angebaki nyuma? Tuliinuka wote. Karanga, ubuyu, kipande cha muhogo kilichokwisha kung'atwa, embe bichi lenye chumvi. Hata watoto wa Kikristo, ambao Ijumaa haikuwahusu, walipanga foleni na kutoa. Vitu vilimdondoka Mashaka vikaangukia nyuma ya kitenge, tukasikia yule bwana akinong'ona, "Jamani, pilipili imeniingia jichoni." Kitenge kikatikisika kwa kicheko cha mwenzake.

Mashaka akajikusanya. "Asanteni," akasema, "lakini mimi sijaomba. Nimenyoosha mkono mnisalimie. Kwenu hamna salamu?" Tukaona haya, huku bado tunacheka. "Haya, mapumziko mnacheza nini?" Tukaitika rede. "Basi nami nataka kuingia kati."

Sudi ndiye aliyemjibu, tena kwa huruma ya kweli: "Wewe utalinda viatu."

Vichwa vyote vikamgeukia Tatu. Nilimjua, na masikio yake yalikuwa yamesimama. Akajiinua kwa gongo lake, akajipangusa mchanga kwenye sketi taratibu. "Viatu atalinda Sudi," akasema. "Leo naingia mimi."

Hakuna aliyemwambia apumzike. Lakini zikazuka kesi, maana sisi bila kesi hatuchezi. Mpira ukigonga gongo, ametoka au hajatoka? Wengine wakasema hajatoka, huo ni mti tu. Wengine wakataka Mashaka aamue, kwa kuwa naye anatembelea gongo. Mwalimu Kapinga akakata maneno: "Mwenye gongo si yupo? Muulizeni."

"Gongo ni mguu wangu," akasema Tatu. "Likiguswa, nimetoka."

Mashaka akatikisa kichwa kukubali, kwa bidii mpaka kikataka kung'oka.

Tatu akaingia kati na chupa, shule nzima imezunguka. Mimi upande huu, mwenzangu upande ule. Tukarusha. Tukarusha kwa ulegevu, mpira unaanguka kabla ya kufika. Tatu akajaza robo ya chupa, halafu akasimama, amekasirika. "Mnanirushia mpira au mnaninywesha uji?" akauliza. "Rusheni kama mnavyorushiana nyie."

Nikarusha kama ninavyorusha. Wa kwanza aliukwepa kwa kuegemea gongo na kuzungusha mwili wote, uwanja ukalipuka. Wa pili ukapiga gongo, pwaa. Watu kimya. Tatu akanitazama, akangoja. Nikaelewa anachongoja, nikapiga kelele peke yangu, "Toka!" Kisha shule nzima ikaitikia, na Mashaka juu ya kitenge naye, "Toka!"

Akatoka anacheka, machozi yanamtiririka, akitembea kwa maringo ya bibi harusi. Jioni nilimsindikiza kwao. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. "Bibi, leo nimeingia rede, nimetolewa." Bibi akaacha kukuna. "Kwa haki?" "Kwa haki, Bibi." "Alhamdulillahi," akasema bibi, akatugawia nazi tutafune. Sijapata kuona tena mtu aliyemshukuru Mungu kwa mjukuu wake kushindwa.

Siku hizi ule uwanja umemwagiwa zege. Mchanga ukitaka, nunua. Binti yangu Nasra amefundishwa habari za ulemavu kwenye skrini, na maneno mazuri anayo yote, maneno ambayo sisi hatukuwa nayo. Nafurahi anayo. Ila nilipomuuliza kama amewahi kucheza na yeyote mwenye ulemavu, alinitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya punda.

Juzi nilimpeleka dukani kwa Tatu, anakouzia vitenge. Tatu alipochukua gongo lake ainuke, Nasra akaruka. "Mama mdogo, kaa tu, upumzike, nitakuletea mimi." Nikafumba macho. Tatu akaokota mabaki ya vitambaa, akayaviringisha, akakaza fundo.

"Kwepa," akasema, akarusha.

Mtoto wa simu hajui kukwepa. Ukampata begani. Nasra akasimama ameduwaa, halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumnunulie hiyo simu.

"Toka," akasema Tatu.

"Nitoke niende wapi, mama mdogo?"

"Ukalinde viatu."