Kidole Gumba Kilichokunjwa

Dada yangu ni fundi cherehani. Mteja akimwuliza alijifunzia wapi kuwa na mikono myepesi namna ile, hujibu, "Wodini," kisha anakanyaga cherehani kwa kasi ili asiulizwe zaidi. Mimi mdogo wake sina uvumilivu huo, kwa hiyo nitasema.

Alikuwa chuo cha uuguzi, na wenzake walimwita Vidole. Masomo yalikuwa mlima, naye akayafunga kwenye mkono wake wa kushoto. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, unagusa vidole vyako kimoja kimoja. Gumba ni mgonjwa: mwulize jina, alitaje mwenyewe, hata kama ni mama yako mzazi. Cha pili ni dawa, kwa kuwa ndicho unachofuatia maandishi ya chupa. Cha kati, kirefu kuliko vyote, ni kipimo, usikizidishe. Cha pete ni njia: mdomoni, kwenye msuli au mshipani. Kile kidogo ni saa, maana ndiyo watu wanayoidharau.

Rafiki yake wa chumbani alikuwa mzito wa kushika mambo. Likizo nzima dada alimkalisha jikoni kwetu, wakimenya viazi huku akimsomesha. "Anza upya! Umemruka mgonjwa!" Mama alimpenda yule binti hadi akamwita Kipenzi, na mimi nikatolewa kitandani kwangu nikalala chini. Sikulalamika, nilidhani nimepata dada wa pili.

Likizo ilipokwisha, siku moja wodini mvua ilivuja juu ya kitanda cha dirishani, na wagonjwa wakahamishwa vitanda. Kipenzi akaja na insulini, dawa ya kushusha sukari. Aliangalia kitanda, hakumwuliza mtu jina. Akamchoma bibi asiye na kisukari hata kidogo. Bibi akalowa jasho, akazimia, ikabidi atiwe maji ya sukari mshipani ndipo akafumbua macho.

Matroni aliwaita wanafunzi wote wa wodi. Kipenzi alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Mimi nimefuata alivyonifundisha Vidole," alisema. "Yeye anaanzia hapa."

Akainua mkono mbele za watu, gumba amelikunja ndani ya kiganja, akahesabu vinne.

Dada alimtazama tu. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisubiri acheke, aseme ni mzaha. Wenzao, waliovijua vidole vyote vitano, walitazama viatu vyao. Matroni naye hakupenda njia za mkato tangu zamani. Dada akasimamishwa masomo kwa kuwafundisha wenzake mambo ya hatari, na alipoitwa kurudi mwaka uliofuata, alikataa.

"Nikalale chumba kimoja na nani?" aliuliza.

Mama alibembeleza mpaka akachoka. Mimi yule mwanamke sijamsamehe, wala sifichi.

Mwaka jana dada alipasuliwa kidole tumbo. Hata yeye alicheka: vidole tena! Nilikuwa nimekaa kando yake asubuhi alipokuja muuguzi mkuu wa wodi na trei ya sindano. Alikuwa Kipenzi, amenenepa, amevaa miwani. Alimtambua dada papo hapo, maana alisimama hatua mbili kabla ya kitanda. Mimi nikasimama na maneno yangu yote tayari.

"Kaa," dada aliniambia.

Kipenzi aliweka trei mezani. Akagusa kidole gumba chake.

"Naomba unitajie jina lako kamili," alisema, macho kwenye shuka.

Dada akamtajia jina lake lote, taratibu, kama mtu asiyejulikana pale. Kidole cha pili kikaenda kwenye maandishi ya chupa.

"Kumbe gumba ulikuwa unalijua," dada alisema.

Kipenzi aligusa cha kati. Alimaliza vidole vyote vitano, kisha akamchoma sindano vizuri kabisa, kama alivyofundishwa jikoni kwetu.